Shofere wa Mama Domitille

Shule zikifungwa, na ndege za kutoka Lubumbashi zikaanza kushusha watu wenye masanduku ya magurudumu, Urbain Ilunga hujua kwamba usingizi wake umekwisha mpaka mvua za kwanza. Yeye ni dereva, au shofere kama wanavyosema Kalemie, wa jipu la kukodishwa. Umri wake umepita hamsini. Mkono wake wa kushoto ni mweusi kuliko wa kulia, maana ndio unaokaa dirishani, na mgongo wake umeshika umbo la kiti hata akisimama kanisani. Gari si lake. Ni la Abdoul-Karim, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara ambao babu zao walivuka ziwa kutoka Ujiji, mwenye duka la vyuma karibu na bandari na majipu matatu uani.

Kazi ya Urbain ni kuendesha vakansi, yaani likizo, za watu. Huwachukua uwanja wa ndege, huwapeleka kusalimia shangazi na wajomba, huwapeleka watoto wao ufukweni wakaoge, huwangoja nje ya harusi na misiba huku akipangusa vumbi. Sikukuu nyingi amezila akiwa ameegemea mlango wa gari, sahani mkononi. Na kwa kuwa Abdoul-Karim hapendi kelele za wateja, kazi ya kuwaeleza bei nayo imemwangukia Urbain.

Mwaka huu maelezo yalikuwa mengi. Mteja wa kwanza wa kiangazi alikuwa Mouna, binti aliyezaliwa mitaa miwili tu kutoka dukani, akaolewa Lubumbashi, na sasa amerudi kwao na watoto watatu kwa wiki mbili. Alisimama mbele ya jipu, mikono kiunoni, kana kwamba gari lenyewe ndilo lililomkosea adabu.

"Papa Urbain, mwaka jana nilikodi hii hii dola themanini kwa siku. Leo Abdoul-Karim ananiambia mia moja na hamsini. Imeota mabawa?"

"Haikuota mabawa, mama Mouna. Inakula pine." Akapiga teke tairi la mbele.

"Hata mwaka jana ilikuwa inakula."

"Mwaka jana pine ilikuwa na beyi ingine. Mazutu nayo yamepanda. Halafu mashirika yanakodi kwa mwezi mzima, hayabishani. Wewe unakodi siku nne, na siku tatu unabishana."

Mouna alicheka bila kupenda. "Sasa nimekuja kwetu, nizunguke kwa wajomba kwa miguu kama muntu anauza sabuni?"

"Ukienda kwa miguu watasema Lubumbashi imekushinda."

"Unaona? Wewe mwenyewe unajua haya yangu, njo maana unaipandisha."

Aliishia kukodi siku mbili. Siku hizo mbili Urbain alimpeleka mbio kutoka Kataki hadi Lubuye, akavuka naye daraja la Lukuga na kurudi, na wajomba wa mwisho walisalimiwa kupitia dirishani, injini ikiunguruma, kwa sababu jua lilikuwa linatua na siku ya tatu haikuwa imelipiwa. Mzee mmoja alibaki kizingitini ameshika kiti alichokuwa amemtolea mgeni. Urbain alimwona kwenye kioo cha pembeni mpaka kona ikamficha.

Maneno yale ya pine na mazutu, yaani dizeli, aliyasema kwa wateja wote, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo baada ya misa. Hakuwa akidanganya. Alikuwa amelala chini ya gari lile mara nyingi, kwenye mchanga wa njia ya Nyunzu, akifunga kwa waya vitu vilivyostahili kununuliwa vipya. Kilichomchosha ni kuyarudia.

Nyumbani kwake Kataki, mke wake Mujinga alikuwa na neno lake, nalo lilikuwa limerudiwa miaka mingi kuliko lile la pine. Mujinga ni mzaliwa wa Ankoro, mbali ndani ya bara, ng'ambo ya mto. Urbain alifika huko wakati wa kutoa mahari, kisha mara moja tena kwa mazishi, na tangu hapo hakuonekana. Kila mwaka alisema, "Mwaka ujao tutaenda." Hakusema kwa hila. Njia ya Ankoro hupitika vizuri wakati wa kiangazi, na kiangazi ndio msimu wa wenye vakansi, ambapo shofere akiomba ruhusa ni kama muuza mwavuli anayefunga duka mvua ikinyesha. Mvua zikija, ruhusa hupatikana, lakini njia haipo tena.

Mwaka huu neno lilibadilika. Mama yake Mujinga, Mama Domitille, alikuwa Kalemie tangu alipoletwa kutibiwa mguu, akikaa Lubuye kwa mtoto wa dada yake. Mguu ulikuwa umepona kadiri ulivyoweza kupona. Sasa mama alitaka kwao.

"Hataki tena kungoja," Mujinga alisema, akichambua ndagala, samaki wadogo wa ziwani, wa kupeleka sokoni. "Anasema akifa hapa, tutamuzika kwenye mchanga wa ziwa, na maji yanapanda kila mwaka. Anasema hataki kuogelea akiwa amekufa."

Urbain alicheka. Alikuwa akiwaza jambo ambalo hakuwahi kulitamka: kwamba safari hii asiwe wa kupeleka tu. Afike Ankoro kama mkwe, aketi, alale mchana, aamke bila kuitwa. Siku kumi na tano. Na Mujinga awe kando yake, si mtu wa kuagwa alfajiri na kukutwa amelala.

Akaenda dukani kwa Abdoul-Karim kuomba likizo.

"Konje ni haki yako, Papa Urbain," Abdoul-Karim alisema mara moja. "Tangu uanze kwangu hujaichukua hata moja. Kijana wangu Sulemani atashika usukani."

"Aksanti. Na gari?"

"Gari gani?"

"Hii jipu. Nataka kuikodi. Siku kumi na tano, kwenda Ankoro na kurudi."

Abdoul-Karim alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Akavua miwani.

"Beyi unaijua kunishinda."

"Naijua."

"Nikitoa fungu la shofere, kwa sababu shofere ni wewe mwenyewe. Nikitoa na faida yangu..." Akataja alichoweza kupunguza, na kilichobaki kilikuwa bado zaidi ya mshahara wa Urbain wa kiangazi hadi kiangazi. "Ile njia inakula pine," akaendelea polepole, akitazama meza. "Mazutu yamepanda. Na kuna shirika linaniomba hii hii kwa mwezi mzima. Halibishani."

Urbain aliitikia kila neno kwa kichwa, kama mzazi anayemsikiliza mtoto akirudia somo alilomfundisha. Alijua neno linalofuata kabla halijatoka. Alitafuta ndani yake mahali pa kukasirikia, asipaone.

"Sikiliza," Abdoul-Karim alisema alipoona mtu wake haondoki wala hasemi. "Kuna watu wa madini wako Manono, wanataka kuletwa Kalemie wiki ijayo. Gari itaenda tupu. Pakia mama Mujinga na mama yake, sitaki hata franka. Toka Manono kufika mtoni, mazutu yatakuwa juu yako. Lakini ukiwashusha, unageuka siku ile ile. Wale hawangoji, na wakikasirika wataenda kwa muntu mwingine."

"Na konje yangu?"

Abdoul-Karim alitazama mlango wa duka kana kwamba kuna mtu anaingia.

"Utaichukua mwaka ujao," alisema.

Jioni ile Urbain na Mujinga waliketi uani wakaizungusha habari hiyo kila upande. Yeye Mujinga angekaa kule siku zake, kisha angerudi kwa treni ya Kabalo kama ingetembea, ama juu ya lori. Urbain angeona Ankoro kwa macho tu, kutoka ukingoni.

"Basi konje yako njo kunipeleka mimi?"

"Njo hiyo."

"Tungoje mwaka ujao, twende pamoja."

"Mwaka ujao beyi itakuwa imepanda tena."

Mujinga hakubisha. Walihesabu mifuko, wakahesabu mazutu, wakapanga nani angekaa wapi na mzigo wa ndagala uwekwe wapi usinuke. Walikuwa wamekwisha kuingia ndani kulala ndipo Mujinga alipopiga makofi na kuketi kitandani.

"Urbain! Na bukwe?"

Walitazamana. Walikuwa wamejadili kila kitu kilichopanda bei, wakasahau kitu ambacho hakikuwa na bei hata kidogo.

Kwa Waluba wa upande wa Ankoro, mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana kwa kukwepana. Heshima hiyo ndiyo bukwe. Hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawazungumzi bila mtu wa katikati, na mmoja hali chakula mahali ambapo mwingine anamwona. Vijana wa Kalemie wameanza kuziacha desturi hizo moja moja. Mama Domitille hakuwa ameacha hata moja. Alipokuwa akija Kataki kumwona binti yake, Urbain alikuwa akisikia fimbo yake ikigonga mawe ya njia, akatoka kwa mlango wa nyuma na kwenda kuosha gari ambalo tayari lilikuwa safi. Na sasa walikuwa wamemkodia, au tuseme wamemwombea, siku tatu ndani ya jipu moja pamoja na mkwe wake, magoti ya mama mgongoni mwa kiti cha mkwe.

Kulipa shofere mwingine hawakuweza; ndiyo maana walikuwa wanapanda gari la bure. Asubuhi Mujinga alikwenda Lubuye na uso wa mtu anayepeleka habari ya msiba. Alirudi akicheka peke yake njiani, watu wakimgeukia.

"Mama ameniuliza, 'Ile gari njo ya mume wako?' Nikasema hapana, ya Abdoul-Karim. Akaniuliza, 'Na Abdoul-Karim ameoa kwetu?' Nikasema hapana. Akasema, 'Basi anayeendesha njo shofere wa Abdoul-Karim. Mimi sina bukwe na shofere wa bantu wengine. Mwambie mukwe wangu abaki nyumbani, nami nitakwenda na shofere.'"

Urbain alijaribu kuona kosa katika hesabu hiyo. Halikuwepo.

Waliondoka kukiwa kumepambazuka. Mama Domitille alipandishwa na wapwa zake, akaketi nyuma ya shofere kabisa ili asiweze kuonwa bila kugeukiwa, kitenge kimefunika kichwa hadi nyusi. Mujinga akaketi kando yake. Kiti cha mbele walipewa ndagala. Kioo cha ndani Urbain alikigeuza kikatazama dari. Walipita mahema ya Katanika, ambako watu waliokimbia vijiji vyao walikuwa wakikoka moto wa asubuhi, kisha ziwa likabaki nyuma na vumbi likaanza.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya kichwa chake, sauti kavu, yenye mikwaruzo, ambayo kwa miaka yote ya ndoa yake alikuwa ameisikia kupitia ukutani tu.

"Shofere."

Mikono ya Urbain ilikaza usukani. "Ndiyo, mama."

"Unaendesha kama muntu anabeba mayai. Tutafika mwaka huu?"

"Tutafika, mama. Njia njo mbaya."

"Njia ninaijua. Nilikuwa ninakuuliza wewe."

Mujinga alijifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Mama Domitille akaendelea kama abiria yeyote aliyechoka kutazama miti.

"Uko na bibi, shofere?"

"Niko naye."

"Wa wapi?"

Urbain alikwepa shimo kwanza. "Wa Ankoro, mama."

"Ee! Basi wewe ni mukwe wa kwetu. Na kwa bakwe zako unaenda?"

"Si sana, mama."

"Njo tabia yenu, bashofere. Mimi pia niko naye mumoja kule Kalemie. Muntu mupole, hana kelele, hapigi mutoto wangu. Mahari alitoa yote, hakubakiza hata jembe. Kisha akapotea." Akanyamaza gari lilipoyumba shimoni, akangoja litulie. "Bakwe ya dada zangu banakuja. Banaketi, banapumzika, bantu banawaona. Banasema, huyu njo mukwe wa fulani. Mimi wakiniuliza, wa kwako yuko wapi, ninasema yuko na kazi. Kila mwaka yuko na kazi. Sasa bantu hawaulizi tena. Hiyo njo inauma, shofere. Kuuliza kukiisha."

Urbain alibadilisha gia. Jasho lilimtiririka chini ya kola ingawa upepo wa asubuhi ulikuwa baridi. Mujinga naye hakuwa akicheka tena.

Usiku wa kwanza walilala Nyunzu, wa pili Manono. Wanawake walilala kwa watu wa ukoo, Urbain ndani ya gari. Manono watu wa madini walimpigia simu: kesho yake jioni wawe naye, asubuhi inayofuata waondoke, na asije na visingizio vya pancha. Alisema ndiyo. Mazutu ya kufika mtoni aliyanunua kwa fedha yake mwenyewe, akaona ni kwa nini Mouna alikuwa amesimama mikono kiunoni.

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, mama aliita tena.

"Shofere. Hii gari, siku moja beyi gani?"

Ilikuwa njia ndefu iliyonyooka, wala hapakuwa na shimo la kumwokoa. Akamtajia.

"Franka?"

"Dola, mama."

"Hiyo njo mbuzi ngapi?"

"Mbuzi wa Ankoro ao wa Kalemie?"

"Usinichekeshe. Wa Ankoro."

"Ikiwa mbuzi wazuri, batatu. Banne wakikonda."

"Siku moja?"

"Siku moja. Na mazutu hayako ndani."

"Na zamani?"

"Zamani ilikuwa nusu ya hiyo. Na kabla ya hapo, chini zaidi."

Mama Domitille aliguna. Urbain alimsikia akigeuza fimbo mikononi. "Huyu mukwe wangu," akasema, "nilisikia alikuwa anataka kuikodi. Siku ngapi, Mujinga?"

"Kumi na tano, mama."

"Kumi na tano!" Akahesabu kwa sauti ya chini, kwa Kiluba, akapotea katikati, akaacha. "Hilo njo zizi la chifu. Anachinja zizi muzima ili akuje kuniona mimi?"

"Alitaka, mama," Urbain alisema. "Hakuweza."

"Nilikuwa ninafikiri hataki."

"Alitaka."

"Na ile wakati beyi ilikuwa chini? Na ile wakati pia alitaka?"

Hapo Urbain alipunguza mwendo, ingawa njia ilikuwa nzuri. Angeweza kusema habari za pine. Angeweza kusema juu ya msimu, juu ya tajiri, juu ya barabara, na yote yangekuwa kweli.

"Ile wakati alifikiri Ankoro iko karibu, mama. Alifikiri mwaka ujao itakuwa vile vile. Akawa anapeleka bantu wengine. Alipogeuka kuangalia, ilikuwa imekwenda mbali."

Mujinga alikuwa ametazama nje, akiuma pindo la kitenge chake. Gari lilipita vijiji viwili vidogo na shamba la muhogo lililochomwa, kisha mto ukajitokeza mbele yao, mpana, wa rangi ya udongo, na njia ikaishia majini.

Gari halivuki pale. Mitumbwi ilikuwa imelala ukingoni, na mmoja ulikuwa na Guelord, mdogo wake Mujinga, aliyeambiwa kwa simu. Alisimama akipunga kofia yake.

Kabla mlango haujafunguliwa, sauti kavu ilisema kwa mara ya mwisho, karibu na sikio lake.

"Aksanti, shofere. Umeendesha vizuri. Ukimwona mukwe wangu..."

"Nimwambie nini, mama?"

Akafikiri. "Mwambie nimesikia beyi."

Kisha Guelord akafungua, na mguu wa Mama Domitille ulipogusa mchanga alivuta kitenge kikafunika uso wote, akampa Urbain mgongo. Hakumuaga. Shofere alikuwa amemaliza kazi yake, na aliyebaki pale ukingoni alikuwa mkwe, ambaye haagwi wala hatazamwi. Urbain naye aligeuka akatazama gurudumu la mbele kama mtu anayetafuta msumari, mpaka aliposikia mzigo wa ndagala ukitua mtumbwini.

"Shemeji!" Guelord alimjia mikono wazi. "Leo tumekukamata. Mkeka uko tayari."

"Ninageuka, Guelord. Wateja wangu wako Manono."

"Unageuka wapi? Umetoka Kalemie kuja kuangalia maji?"

"Gari si yangu."

Guelord alifungua mdomo ili aongeze mzaha, akamtazama usoni, akaufunga.

Mujinga alisimama kando ya Urbain kidogo, miguu majini. Hawakuwa na mazoea ya kuagana kwa maneno mengi; alikuwa amemuaga mumewe milangoni maisha yake yote, na leo ilikuwa mara ya kwanza kwamba yeye ndiye anayebaki mapumzikoni.

"Utakapofika Kalemie, ulale," alisema.

"Nitalala."

Wote wawili walijua kwamba kuna ndege siku ya kufika kwake.

Mtumbwi uliondoka. Aliutazama mpaka vichwa vikawa vidoadoa, akanawa uso, akamwaga maji kwenye kifaa cha kupoza injini. Alikuwa amekwisha kuwasha gari ndipo mpiga kasia mmoja aliyekuwa anarudi alipopaza sauti kutoka katikati ya mto kwamba mama amesema angoje. Kungoja nini, hakujua. Urbain aliangalia jua. Akizima injini angefika Manono usiku, na wale watu walikuwa wamesema jioni. Aliizima.

Alingoja kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Ng'ambo moshi ulipanda nyuma ya miti. Alisinzia ameegemea mlango, akaamshwa na mkia wa mtumbwi ukikwaruza mchanga. Guelord alikuwa amebeba kwa mikono miwili beseni lililofunikwa kitambaa cheupe, akitembea kama mtu anayepeleka sadaka altareni.

"Mama anasema mukwe wake amefika kwetu," alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Anasema mto si neno. Hawezi kuondoka hajala."

Ndani mlikuwa na bukari, yaani ugali, bado unatoa mvuke, na kuku mzima aliyechinjwa saa ile, na juu kabisa, peke yake, firigisi, ambayo pale Ankoro hapewi mwanamume yeyote ila aliyepokewa nyumbani.

"Wote wameona ukichinjiwa," Guelord aliongeza. "Mama alisimama katikati ya uwanja, akasema kwa sauti. 'Ni wa mukwe wangu. Amenileta.' Dada zake wote walikuwapo."

Urbain alipokea beseni. Akanawa. Akatazama mto. Ng'ambo watu walikuwa wadogo kama punje za mtama, na hakuna jicho, hata la kijana, ambalo lingeweza kujua nani ni nani. Akanyanyuka na beseni lake, akazunguka gari taratibu, akaketi chini upande wa pili, jipu zima likiwa kati yake na Ankoro.

"Shemeji!" Guelord alicheka mpaka akashika mti. "Yule mama macho yake hayafiki hata kwenye maji!"

"Najua," Urbain alisema, akakata tonge.

Alianza na firigisi. Alitafuna polepole, miguu imenyooka, mgongo umepumzika kwenye gurudumu la moto, kama mtu aliyeketi uani kwa wakwe zake. Juu ya kiti, ndani ya gari, simu ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Mikono yake ilikuwa na bukari. Aliiacha ilie.